Uzi: Manukuu ya mashine ni rasimu tu. Tujadili video na sauti zilizorekodiwa

Mwanzilishi wa uzi

Wakuu, nimekuwa nikihariri video za mafunzo kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapokabidhi kazi huulizwa swali lilelile: kwani mtandao haujiwekei manukuu wenyewe? Hujiwekea. YouTube ilianza kuonyesha manukuu yanayotengenezwa na mashine mwaka 2009, na tangu kampuni ya OpenAI ilipoitoa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, mwaka 2022, mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipa faili ya sauti na kurudishiwa maandishi bila kumlipa yeyote. Ninachodai katika uzi huu ni kwamba maandishi hayo ni rasimu, na kwamba anayeyachapisha bila kuyasoma, hasa yakiwa ya Kiswahili, bado hajaweka manukuu.

Nitaanza na herufi moja. Tofauti kati ya "ataruhusiwa" na "hataruhusiwa" ni pumzi ndogo inayotoka mwanzoni mwa neno, na pumzi hiyo humezwa kirahisi msemaji anapokuwa na haraka, maikrofoni inapokuwa mbali, au neno lililotangulia linapoishia na irabu ileile. Msemaji akisema "mgonjwa hataruhusiwa kula", mashine inaweza kuandika "mgonjwa ataruhusiwa kula", na sentensi hiyo itakuwa sahihi kisarufi kabisa. Neno lililokosewa tahajia humshtua msomaji naye akajua kuna tatizo, lakini kanusho lililodondoka halimshtui mtu yeyote. Anayesikia anaokolewa na kiimbo au na sentensi inayofuata. Asiyesikia hana kingine ila alichoandikiwa.

Jambo la pili ni saa. Msemaji akitamka "saa mbili asubuhi", baadhi ya programu hupenda kugeuza namba zote kuwa tarakimu, zikaandika "2:00 asubuhi", na msomaji asiyesikia sauti akabaki kukisia kama ni saa mbili ya Kiswahili au saa mbili ya kwenye saa ya simu. Mimi huacha saa kwa maneno kama ilivyotamkwa, na tarakimu nazitumia kwa miaka, fedha na vipimo.

Tatu, kuna zile sauti ndogo ambazo mashine huzichukulia kuwa kelele na kuzitupa. Mtu akiulizwa swali akajibu "aa-aa", hilo ni jibu kamili, na likifutwa, mazungumzo yataonekana kama mhojiwa alikaa kimya. Hali ni hiyohiyo kwa "ee" na "mmh" vinapokuwa majibu. Vinapokuwa kigugumizi cha kawaida, sioni ubaya kuviacha.

Mashine pia ina tabia iliyo kinyume cha kutupa, nayo ni kuongeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Whisper ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa, navyo vilikuwa vya Kiingereza, vilitiwa maneno au sentensi ambazo hakuna aliyezitamka, na hatari iliongezeka pale ambapo msemaji alikuwa na vituo virefu vya kimya. Kiingereza ndicho lugha ambayo programu hiyo imelishwa zaidi: katika saa 680,000 za sauti zilizotumika kulifunza toleo lake la kwanza, saa 117,000 tu ndizo ziligawanywa kwa lugha nyingine 96, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo mimi hukagua sehemu za kimya kwa makini kuliko sehemu za maneno. Najua inasikika kama kichekesho.

Kuhusu viwango, ninaoufuata ni mwongozo wa ufikikaji wa wavuti wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwongozo unaojulikana kwa kifupi kama WCAG. Toleo la 2.0 lilitoka Desemba 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 Oktoba 2023, na katika matoleo yote matatu manukuu ya video iliyorekodiwa yenye sauti yamewekwa katika ngazi A, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Manukuu ya matangazo ya moja kwa moja yamewekwa ngazi AA, na tafsiri ya lugha ya alama ngazi AAA. Maana yake ni kwamba aliyerekodi, akakata, akapamba, kisha akachapisha bila manukuu, ameshindwa kupanda hata ngazi ya kwanza, ilhali muda alikuwa nao.

Naomba pia tukubaliane kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinatumia "manukuu" kwa vitu viwili. Kuna tafsiri inayoandikwa chini ya picha kwa ajili ya mtu anayesikia lakini haijui lugha ya video, na kuna maandishi yanayoandikwa kwa lugha ileile inayosemwa kwa ajili ya mtu asiyesikia. Haya ya pili ndiyo ninayoyazungumzia. Lazima yaseme ni nani anayezungumza pale asipoonekana, na lazima yataje sauti zenye maana, kama [mlango unagongwa] au [kicheko], kwa kuwa anayesoma tafsiri anausikia mlango mwenyewe lakini kiziwi hausikii.

Fundi Sauti

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi natengeneza podikasti, hakuna picha hata moja. Je, nami nahitaji manukuu? Mwenzangu mmoja anasema muhtasari wa aya mbili chini ya kipindi unatosha.

Mwanzilishi wa uzi

Muhtasari hautoshi, ndugu. Kwa sauti isiyo na picha, mwongozo huohuo unadai, nao pia katika ngazi A, nakala ya maandishi yenye kila kilichosemwa. Huhitaji kuipangia muda kwa sekunde, kwa kuwa hakuna picha ya kwenda nayo sambamba. Weka majina ya wasemaji, gawa aya panapobadilika mada, na taja muziki au sauti inapobeba maana. Iweke kwenye ukurasa wenyewe kama maandishi ya kawaida. Usiiweke kama picha ya maandishi wala faili iliyoskaniwa, kwa sababu kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona, hakitaisoma.

Nakala hii ina faida nyingine ambayo watu wachache huikumbuka. Mtu ambaye haoni wala hasikii hawezi kutumia video wala podikasti kwa namna yoyote, lakini akiwa na kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na kompyuta, nakala ya maandishi anaisoma kwa vidole. Kwake yeye nakala ndiyo kipindi chenyewe. Ndiyo maana hata kwa video napendelea kuweka vyote viwili, manukuu na nakala, na katika nakala ya video naongeza maelezo ya kinachoonekana.

Mwalimu wa Mtandaoni

Nimesoma kwa makini na sipingi misingi yako, ila naona unaongea kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Mimi nafundisha bure na nina video zaidi ya 200 nilizozirekodi peke yangu usiku. Nikiambiwa kwamba zote lazima ziwe na manukuu yaliyokaguliwa neno kwa neno, njia rahisi kwangu ni kuzifuta, na hapo kila mtu amekosa, kiziwi na asiye kiziwi. Tusisahau yaliyotokea Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipowaandikia mwaka 2016 kwamba mihadhara yao ya bure haikufikika kwa watu wenye ulemavu, chuo kiliamua mwaka 2017 kuziondoa mbele ya umma faili zaidi ya 20,000 za video na sauti. Ni nani aliyenufaika?

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu, hoja yako ni nzito na sitaijibu kwa mkato.

Kuhusu Berkeley, kisa hakikuishia pale. Mwaka 2022 chuo na wizara walifikia makubaliano yaliyokitaka chuo kifanye maudhui yake ya bure ya mtandaoni yafikike, kwa kipindi cha miaka kadhaa. Waliolalamika mwanzoni walikuwa wafanyakazi wawili wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo ambacho wanafunzi wake wengi ni viziwi na watu wenye usikivu hafifu, na walichokiomba ni kuingia darasani. Kuzifuta video ulikuwa uamuzi wa chuo. Harvard na MIT walishtakiwa mwaka 2015 na Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani kwa suala hilohilo, nao walimaliza kwa kukubali kuweka manukuu, Harvard mwaka 2019 na MIT mwaka 2020. Chama hichohicho ndicho kilichoifikisha Netflix mahakamani mwaka 2011, na makubaliano ya mwaka uliofuata yaliilazimu kampuni iwe imeweka manukuu kwenye maudhui yake yote ya kutazamwa mtandaoni ifikapo mwaka 2014. Hata hivyo nakubali kwamba hao wote wana fedha, nawe huna.

Kwa hiyo nikuambie ningefanya nini kama ningekuwa wewe. Nisingeanza na video ya kwanza nikaenda kwa mpangilio hadi ya 200, maana ningechoka kwenye ya 15. Ningeanza na video mpya: kila ninayoirekodi leo haitoki bila manukuu, ili deni lisiongezeke. Halafu ningeangalia takwimu za utazamaji, kwani mara nyingi video chache ndizo zinazobeba watazamaji wengi, nikazirekebisha hizo. Zilizobaki ningeziacha na rasimu ya mashine, ningeandika wazi kwenye maelezo kwamba manukuu yake hayajakaguliwa, na ningemwalika anayehitaji video fulani aniandikie ili niitangulize. Huko si kutimiza kiwango, na sitajifanya kwamba ni hivyo. Ni mpango wa kulilipa deni bila kufunga duka.

Kuhusu muda, kwa uzoefu wangu video ya dakika 10 hunichukua zaidi ya saa moja nikiandika kila kitu mwenyewe, na kati ya dakika 30 na 40 nikisahihisha rasimu ya mashine iliyotokana na sauti safi. Sauti ikiwa mbovu, kusahihisha huchukua muda mrefu kuliko kuandika upya. Kwa hiyo nafuu ya kwanza anaipata anayenunua maikrofoni ya kubana kwenye kola na kufunga dirisha kabla ya kurekodi. Nafuu ya pili anaipata anayerekodi akiwa na maandishi mezani: ukifundisha kwa kusoma andiko lako, tayari una maneno, na YouTube, ukiipa maandishi hayo, huyapangia muda yenyewe kwa lugha inazozitambua.

Sikio Moja

Niruhusuni niseme kama mtumiaji. Nilipoteza usikivu wa sikio la kushoto utotoni, na la kulia linafifia mwaka hadi mwaka. Watu hudhani manukuu ni ya mtu asiyesikia kabisa, kumbe tulio wengi tunasikia nusu na kukisia nusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na kati yao takriban milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu upungufu huo unawazuia kuishi kawaida. Mimi nipo katika hao.

Kisa changu ni hiki. Niliwahi kulipia kozi ya mtandaoni iliyotangazwa kuwa na manukuu katika masomo yote. Manukuu yalikuwepo kweli. Yalikuwa ya mashine, hayana nukta wala koma, na katika somo la mjadala wa watu wanne maneno yao yote yalimwagwa katika mstari mmoja usiokoma, hivi kwamba sikujua nani anauliza na nani anajibu. Kila mkufunzi aliposhusha sauti, yaliandikwa [muziki]. Hapakuwa na muziki. Nilipolalamika, nilijibiwa kwa adabu kwamba mfumo unaonyesha manukuu yapo. Kwenye orodha yao ya ukaguzi palikuwa na tiki, na tiki ile ilikuwa kweli.

Nikiwaomba watengenezaji jambo moja, ni kwamba msiyachome manukuu ndani ya picha kama mna njia nyingine. Yakichomwa, siwezi kuyakuza, siwezi kubadilisha rangi, siwezi kuyasogeza yanapoziba jina la msemaji lililoandikwa chini, na yakiwa na kosa, nanyi hamwezi kulirekebisha bila kupakia video upya. Nafahamu kwamba video fupi za simu huchomwa maandishi kwa sababu watu huzitazama bila sauti. Basi angalau yawe makubwa, yasimame juu ya kivuli cheusi, na yasirukeruke neno moja moja kwa rangi tatu, kwani macho yangu yanachoka kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Na wapo wenzangu waliozaliwa viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi walijifunza baadaye kama lugha ya pili. Manukuu yanawasaidia, lakini msidhani kwamba yamewamalizia kila kitu.

Fundi Sauti

Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria. Swali la pili kwa mwanzilishi: naandika kila neno, au nafupisha? Wageni wangu wengine wanaongea kama cherehani.

Mwanzilishi wa uzi

Ahsante sana, Sikio Moja. Habari ya [muziki] nimeshaikuta mara nyingi, na bado inanikera.

Fundi, kwa nakala ya podikasti andika kila neno, kwani msomaji anajipangia mwendo mwenyewe. Kwa manukuu ya video, msimamo wangu ni kuandika kinachosemwa, na kufupisha pale tu ambapo maandishi yangepita kabla hayajasomeka. Wapo wahariri wanaofupisha ovyo kwa kisingizio cha kumrahisishia kiziwi, na viziwi wengi wanachukizwa nalo, kwa haki kabisa, maana hakuna aliyewapa wahariri hao kazi ya kuamua ni maneno gani mtu mzima anastahili kuyapata. Ondoa kigugumizi na maneno yaliyorudiwa bila sababu, lakini usiondoe msimamo wa msemaji, lugha yake wala matusi yake.

Sasa, kusomeka kunapimwaje? BBC huwashauri wahariri wake maneno 160 hadi 180 kwa dakika. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, na kwa Kiswahili kinapotosha, kwa sababu neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Hatukuwasiliana" ni neno moja la herufi 15, na ndani yake wamo watenda, wakati, kanusho na tendo. Ukihesabu maneno utadhani unakwenda polepole kumbe unamkimbiza msomaji. Hesabu herufi. Mimi hulenga herufi 15 kwa sekunde, mistari isiyozidi miwili, na herufi zisizozidi 42 katika mstari, ambao ndio ukomo Netflix inaoutumia kwa lugha nyingi zinazoandikwa kwa herufi za Kilatini. Mfano wa faili ya SRT, yaani faili ya manukuu inayoonyesha kila maandishi yanaanza na kuisha saa ngapi, ni huu:

1
00:00:04,200 --> 00:00:07,000
Mgonjwa hataruhusiwa kula
kabla ya kipimo.

Hapo pana herufi 41 pamoja na nafasi na nukta, zilizopewa sekunde 2.8, yaani chini kidogo ya 15 kwa sekunde. Tazama pia mstari ulipokatwa. Kiunganishi kama "ya", "wa", "kwa" au "na" kisiachwe kikining'inia mwishoni mwa mstari wa kwanza huku kinachofuata kikiwa chini. Kitangulie na neno lake. Programu nyingi hukata mstari kwa kuhesabu nafasi tu, kwa hiyo hapo utaingia kwa mkono.

Mwalimu wa Mtandaoni

Nimekubali mpango wa kuanza na video mpya. Jana nilijaribu moja ya dakika sita kwenye tovuti yangu mwenyewe, nikatengeneza SRT kama ulivyoonyesha, lakini kivinjari hakionyeshi kitu. Kwenye YouTube faili hiyohiyo inafanya kazi. Nimekosea wapi?

Mwanzilishi wa uzi

Huenda hukukosea katika maandishi. Vivinjari vinasoma WebVTT, aina nyingine ya faili ya manukuu, na havisomi SRT. Fungua faili yako kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, andika neno WEBVTT kwenye mstari wa kwanza kabisa, acha mstari mmoja wazi, kisha badilisha kila koma iliyo kabla ya milisekunde iwe nukta, ili 00:00:04,200 isomeke 00:00:04.200. Usizibadilishe koma zilizo ndani ya sentensi. Ihifadhi kwa usimbaji wa UTF-8 na kiambishi .vtt. Kwenye tegi ya track, ile inayoiunganisha faili na video ndani ya ukurasa, sehemu ya kind andika captions na usiandike subtitles, kwa kuwa lako ni la lugha ileile na lina maelezo ya sauti, na sehemu ya srclang andika sw. Kama ukurasa uko kwenye seva moja na faili ya manukuu kwenye seva nyingine, kivinjari kitaikataa faili hiyo mpaka uipe ruhusa, kwa hiyo viweke mahali pamoja.

Mwalimu wa Mtandaoni

Imekubali. Ilikuwa ile WEBVTT ya mstari wa kwanza, na koma. Nimetazama video nzima nikiwa nimezima sauti, na dakika ya nne nimekuta nimeandikiwa "mnaweza kuruka hatua hii" mahali ambapo nilisema "hamwezi kuruka hatua hii". Nimerekebisha. Kesho naifungua ile video inayotazamwa zaidi, iliyo hewani kwa mwaka wa tatu sasa.